Winifrida na Pumu ya Ukoo Wake

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Bibi Winifrida Niyonsaba wa Kitanga, Kasulu, aliyezikwa Jumanne. Alikuwa mkulima wa maharage, na alikuwa na pumu. Mambo hayo mawili hayapatani.

Tangu utotoni, vumbi la kupura maharage lilimbana kifua. Wazazi wake waliuita ugonjwa huo baridi ya milimani. Kwetu mposaji huuliza kwanza: ukoo ule una ugonjwa gani? Pumu ikitajwa, binti haolewi. Basi Winifrida alikohoa ndani ya khanga, nyuma ya nyumba. Hata mumewe alijua baridi tu.

Marcel, mtoto wa kaka yake, alimwoa Veronica kutoka Mabamba, Kibondo. Mwaka 1975, siku ya kupura, binti yao mdogo Verediana alishikwa. Kifua kililia kama filimbi.

Hospitalini daktari aliuliza, "Katika ukoo, nani ana pumu?" Marcel na Veronica wakatazamana tu. Akawaeleza: mtoto hurithi wepesi wa kushikwa na pumu, kwa baba, kwa mama, au kwa wote wawili. Moshi na vumbi huiamsha.

Nyumbani, mama yake Marcel alikwisha kata shauri.

"Umetuletea kifua kibovu cha Mabamba! Rudi kwenu. Mtoto abaki."

"Mama, kwetu hakuna anayekoroma hata usingizini."

"Ndiyo maana mna maneno mengi. Pumzi mnayo!"

Veronica akafunga mzigo huku akilia. Ni yeye tu aliyejua kumkalisha mtoto wima na kumwepusha na moshi wa jikoni. Winifrida aliona wazi: mama akiondoka, mtoto hatapona. Lakini binti yake mwenyewe, Skolastika, alikuwa ameposwa. Jembe la posa, walilolileta wakwe, lilikuwa tayari ndani ya nyumba.

"Mwacheni," Winifrida alisema. "Pumu ni yetu. Ninayo mimi. Baba yetu alikuwa nayo."

"Wifi, nyamaza! Unamwua Skolastika!"

"Na huyu mdogo, nani atamzika?"

Veronica alibaki. Verediana yu hai, mwaka huu wa 1979 ameanza darasa la kwanza. Ila wakwe walirudi kuchukua jembe lao, na Skolastika hakusema tena na mama yake. Jumanne alikuja msibani.

"Aliniuza," alituambia. "Na ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini."

Tunawapa pole wafiwa wote, na Skolastika zaidi. Nawe msikilizaji, daktari akikuuliza habari za ukoo wenu, mjibu. Mtoto anayebanwa kifua hawezi kungoja dada zake waolewe kwanza.