Mtahiniwa wa Ishirini

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mama wa pili nawasomea maisha ya dada yetu, mkuu wa tawi la chuo cha wakunga, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu King'ang'anizi, naye wala hakukasirika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, katika kijiji kilichoko mwisho wa barabara, na mama yake alifariki siku hiyohiyo kwa kuvuja damu, kwani mkunga wa karibu alikuwa mwendo wa siku mbili. Alimaliza sekondari mwaka 1977, akapata stashahada ya ukunga 1981 na shahada 1990, kisha akaipa kisogo kazi nono ya mjini, akarudi kwao. Aliolewa tarehe 6 Juni 1984 na fundi seremala, ambaye baadaye ndiye aliyetengeneza madawati ya tawi, wakajaliwa watoto wawili.

Tawi lilifunguliwa Januari 1996, kwa sharti la makao makuu kwamba wasipofanya mtihani watahiniwa ishirini, lifungwe. Walijitokeza kumi na tisa. Marehemu aliwasimamia mwenyewe, akakusanya karatasi, akazihesabu, zikawa ishirini, akahesabu tena, zikawa zilezile. Ile ya ziada haikuwa na jina, na jibu lake kuhusu mama anayevuja damu lilieleza mambo yasiyomo kitabuni. Shemeji alimsihi aichome, lakini yeye alikataa katakata kuchoma jasho la mtu, akaisahihisha, akaipa alama themanini na nane, tawi likapona. Ikawa hivyo kila mwaka. Wahitimu wetu, tuseme ukweli, karibu wote walikimbilia mjini, na bado tangu 1999, walipohitimu wa kwanza, hakuna mama aliyefia uzazini kule kwetu, bali akina mama husimulia habari za mkunga anayefika kabla hajaitwa.

Aliugua figo Februari mwaka jana, akafariki hospitalini tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi, kiganja chake kimefumbatwa na mkono ambao sisi tuliokuwepo hatukuuona. Nilitishika, na bado natishika.

Tunawashukuru madaktari, majirani na walimu wenzake. Makao makuu yameandika kwamba tawi litafungwa Jumatatu asipopatikana wa kushika nafasi yake. Maombi yamekuja ya mtu mmoja tu, hayana jina wala anwani, na jana, pamoja na hofu yetu yote, sisi familia tumeyapeleka makao makuu.

Pumzika kwa amani, dada, Jumatatu darasa lina mwalimu.