Ukanda Usiokubali Puti

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne kwenye karakana yetu ya mabasi, Mzee Kiganja anakabidhi nyundo. Nimeombwa niandike habari zake kwa kuwa mimi, fundi rangi, ndiye niliyepokea kazi za mikono yake muda mrefu kuliko wote. Naandika nimechoka, na yeye amechoka zaidi, kwa hiyo sitazunguka sana.

Alianza kwa kufagia. Mwaka wa tatu akashika nyundo, na haukupita muda akawa fundi mkuu wa kunyoosha bodi. Jina la utani alilipata kwa mazoea yake: akimaliza mlango hufumba macho na kuupitishia kiganja polepole, akitafuta kibonyeo ambacho jicho halikioni. Madereva walimtania kwamba anauombea dua. Basi lililopinduka mwaka ule wa mvua nyingi, ambalo mkuu wa karakana alishaliandika liende kwenye chuma chakavu, yeye alilirudisha barabarani kwa wiki tisa. Mpaka leo linabeba abiria, na kelele zake vilevile.

Sasa niseme jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi kwenye karatasi kama hii. Nyundo ya miaka yote hiyo imemwachia ganzi vidoleni. Tangu miaka miwili iliyopita milango yake ilianza kunijia na mawimbi. Anafumba macho, anapitisha kiganja, anasema tayari, nami naona wazi kuwa bado. Sikumwambia. Nilipaka puti ya kujazia mabonyeo, nikapiga msasa, nikafunika kwa rangi, na kila mtu akamsifu. Nilidhani ninamsitiri.

Nyumbani kwake lipo gari dogo la zamani, alilonunua mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake. Ubavuni lina ukanda mwembamba wa chuma king'aacho, uliobonyea siku alipolikwaruza kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe. Fundi bodi mzima! Kwa miaka saba alirudi kutoka kazini hoi, akalitazama chini ya turubai, akaingia ndani kulala. Alimwahidi mkewe kwamba siku ya kustaafu watatoka nalo kwenye lango la karakana, ukanda ukiwa umenyooka.

Mwezi uliopita akaufungua ukanda, akaulaza kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kuugonga kwa nyuma, kidogo kidogo. Chuma cha namna hiyo hakikubali puti wala rangi. Ulipokosea panabaki panaonekana. Mara tatu alisema tayari, mara tatu jua likamwonyesha kibonyeo. Hapo ndipo alipojua habari za vidole vyake, na habari za milango niliyokuwa nikiifunika.

Mkewe, shemeji yetu, ni fundi cherehani, na vidole vyake hujua mshono uliopinda kabla ya macho. Akavuta kigoda, akaupapasa ukanda, akamwonyesha pa kugonga. Walikaa hivyo kibarazani alasiri nne, mmoja akipapasa, mwingine akigonga, wakigombana kidogo kama watu waliozoeana.

Jumamosi iliyopita aliniita. Nilikwenda na hofu. Hakuuliza habari za milango. Alinipa ukanda tu. Nikapitisha kiganja. Karibu na ncha palikuwa na kinundu, kidogo kama punje ya mchele. Jibu langu la miaka miwili, kwamba hakuna kasoro, lilikuwa tayari mdomoni.

"Bado, kaka," nilimwambia. "Hapa."

Akaiokota nyundo. "Ungesema mapema," alijibu, "ningepumzika mapema."

Nilitaka kulia, nikacheka.

Ijumaa saa tisa tusimame wote langoni kuwaona wakipita. Kaka, tunakushukuru kwa kila mlango, pamoja na ile yenye mawimbi. Wewe na shemeji tunawatakia siku za utulivu na asubuhi zisizo na king'ora cha zamu. Ukihitaji kiganja, changu kipo, na safari hii kitasema kweli.