Mzee Upepo na Gari Lililokaa Tayari

Leo ni tarehe thelathini Septemba. Ni miaka thelathini na miwili tangu Mzee Upepo avuke mpaka akiwa na mkewe, mtoto mgongoni na sanduku la spana, na ni miaka ishirini na saba tangu aingie katika karakana yetu. Jioni hii anastaafu. Kesho mtu mwingine atalala chini ya magari, na sisi tuliobaki itabidi tuzoee asubuhi zisizo na sauti yake.

Sauti yenyewe wote mnaijua. Karakana yetu hutengeneza magari-nyumba, yale mabasi yenye vitanda, jiko na choo ndani, ambayo watu husafiria na familia zao. Yaliyo makubwa husimama kwa breki za upepo. Kompresa, mashine ya kushindilia upepo, huusukuma ndani ya matangi yaliyofungwa chini ya sakafu, na upepo hauingii peke yake. Huingia na unyevu, ukapoa, ukaacha maji. Maji hayo yakizoea kukaa, hula chuma kwa kutu, na siku za baridi kali huganda ndani ya valvu, dereva akakanyaga breki isimsikie. Kwa hiyo kila tangi lina koki na waya. Ukivuta waya, maji hutoka kwa kelele ya kuudhi: psssss! Dada wa mapokezi alimwaga chai yake kwa kelele hiyo miezi mitatu ya mwanzo, kisha akaanza kuitumia kama saa ya kufungulia ofisi.

Mzee Upepo alianza daima na tangi lililo karibu na kompresa, maana ndilo linalobeba maji mengi, akaenda la nyuma, akamaliza na la mbele. Alikinga kiganja chini ya koki na kushikilia waya mpaka kiganja kibaki kikavu. Kabla ya hapo gari halikutoka getini, hata mwenyewe apige honi mpaka betri ife.

Jina lake la kazini lilitokana na upepo huo, ingawa lingeweza kutokana na kitu kingine kibaya zaidi. Gari-nyumba lina matangi mengi tumboni: la maji safi, la maji machafu na ya upepo. Wiki yake ya kwanza alijitambaza chini ya gari la familia iliyotoka safari ndefu, akavuta alichokiona mbele yake, na maji yote ya kuoshea vyombo yakamshukia kifuani. Alipotoka alikuwa na ganda la yai juu ya nyusi. Msimamizi wa wakati ule, Mungu amrehemu, alimtazama kwa upole akasema, “Mzee mwenzangu, si ungesema tu una njaa?” Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Upepo mwenyewe.

Kesho yake alikuja na shuka jekundu la mkewe, kuukuu, lililochanwa vipande. Akafunga kitambaa kwenye kila waya wa tangi la upepo, asikosee tena yeye wala fundi mwingine. Desturi hiyo ndiyo tunayoifuata mpaka leo, na hakuna gari lililotoka kwetu bila kitambaa chekundu tumboni. Mkewe hakumsamehe. Kila alipopita hapa alituambia, “Shuka langu linazunguka dunia nzima, na mwenye shuka hata stendi hajafika.”

Maneno hayo hayakuwa mzaha mtupu. Wengi wenu mnalijua lile gari-nyumba jeupe lililokuwa pembeni, nyuma ya chumba cha rangi. Lililetwa jiko lake likiwa limeungua, mwenyewe akalikatia tamaa, na tajiri wetu wa zamani akampa Mzee Upepo. Alilijenga upya kwa mikono yake, ubao kwa ubao, muda wa chakula na baada ya kazi. Mkewe akashona mapazia. Nia yao ilikuwa moja, nao hawakuificha: kurudi kwao mara moja tu, walisimamishe uani kwa dada mkubwa wa mke, yeye aliyebaki walipoondoka, na walale pale. Mke hakutaka kufikia hotelini wala kujibana kwenye chumba cha mtu. Alitaka kuamka asubuhi, afungue mlango wake mwenyewe, amwone dada yake anafagia.

Kila Jumamosi mchana alikuja na chupa ya chai, akapanda, akakaa kiti cha mbele cha abiria akiwa na mkoba mapajani kama mtu anayengoja safari. Mzee aliwasha injini, akangoja mshale wa geji ya upepo upande, akashuka kutoa maji matangini. Kisha walikunywa chai humo humo, wakitazama ukuta wa chumba cha rangi.

“Lini, baba?”

“Likiwa tayari, mama.”

Mwaka mmoja tatizo lilikuwa rejeta. Mwaka uliofuata binti alikuwa na mitihani. Kisha zikaja habari mbaya za njia, kisha paa likavuja, kisha njia ikatulia lakini yeye akasikia mlio asioupenda kwenye gia. Siku moja mkewe alishusha kioo, akamwuliza mbele yetu sote, “Miaka yote hii unatengeneza kusimama. Kuondoka utatengeneza lini?”

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mzee naye alicheka, akafuta mikono, akarudi chini ya gari. Hakuna kati yetu aliyesema neno la kumsaidia yule mama, na yeye alikuwa amesema kweli tupu.

Mama huyo alifariki mwaka juzi, msimu wa mvua, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimzika huku.

Mzee Upepo hakuacha Jumamosi zake. Aliwasha, akangoja geji, akavuta waya, akanywa chai peke yake. Mwezi wa pili mwaka huu akatangaza kuwa analitoa lile gari jeupe. Karakana nzima ilisimamisha kazi. Geji ilipanda vizuri, matangi yalikuwa makavu, hata tone halikutoka. Akaingia, akaachia breki ya kuegesha, tukasikia upepo ukifanya kazi yake, akatia gia. Injini ikanguruma. Gari halikusogea hata inchi.

Sote tulielewa kwa pamoja. Miaka yote aliwasha na kutoa maji, lakini breki ya kuegesha hakuiachia hata mara moja. Hakutaka kulisogeza, akihofia lisije likakwaruzwa na magari mengine ya karakana. Viatu vya breki vilibaki vimeibana ngoma ya kila gurudumu la nyuma, mvua ikapiga, kutu ikavishika. Ndani ya matangi pakavu, magurudumu yameoza. Na huyu ndiye aliyekuwa akimwambia kila mteja, “Gari la kukaa linaumwa, lisogeze hata hatua mbili.”

Dereva wetu wa majaribio, ambaye hawezi kuona kimya akakiacha, alisema, “Mzee, limekuzoea, halitaki kukuacha.”

Mzee alikwisha kushuka na nyundo. Alimjibu akiwa chini ya gari, bila hasira. “Hapana, kijana wangu. Nimelifunga mwenyewe.”

Aligonga ngoma ya kulia, akaja ya kushoto. Hakukubali kupokewa nyundo. Ya mwisho iliachia kwa mlio kama mlango unaovunjwa, gari likaenda hadi getini na kurudi, na mapazia ya marehemu yakapepea. Hatukupiga makofi. Tulirudi kazini.

Gari hilo sasa ni la binti yake, yule aliyevuka mpaka mgongoni na ambaye leo ni dereva wa malori. Jumatatu anaondoka nalo, amebeba nguo za mama yake, kuzipeleka kwa mama yake mkubwa. Mama huyo yu hai, macho yamepungua, na ameshawafanya wajukuu waondoe kuni uani gari lipate pa kusimama. Jumamosi zilizopita mlimwona Mzee na binti yake wamelala chini ya gari, miguu minne imechomoza, akimwelekeza: kitambaa chekundu, kila asubuhi, mpaka kiganja kikauke. Na ufikapo kule, alimwambia, usilale siku mbili bila kulisogeza.

Binti alimwambia kiti cha mbele kiko wazi. Alimwambia zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho alimwambia hapa hapa kwenye benchi letu la chai, akilia.

“Mwenye safari alikuwa mama yako,” Mzee akamjibu. “Mimi nilikuwa dereva tu. Na nimechelewa.”

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila breki iliyokamata mahali ilipotakiwa kukamata, kwa mafundi uliowalea bila kumtukana hata mmoja, na kwa ganda la yai ambalo tutalisimulia maadamu geti hili lipo. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizokudai kitu. Benchi ni lako, chai ipo, na ukiona tunalitoa gari kabla kiganja hakijakauka, tukaripie.

Atabaki kwenye nyumba ile ile ya mtaa wa pili, karibu na makaburi, na Jumamosi mchana atakuwa kaburini kwa mkewe na chupa yake ya chai. Binti atakwenda na atarudi. Yeye anakaa huku, alipo mkewe. Kwao hatarudi.