Mlinzi wa Tuta Aliyewafungulia Samaki Wake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulitunza bwawa la kumwagilia shamba letu, Mzee Tuta anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Tunasema rasmi kwa sababu juzi tu ameonekana akimfokea mbuzi aliyepanda kwenye tuta, na hakuna anayeamini kwamba tarehe mosi mbuzi huyo atapata nafuu.

Wageni wetu wasiomjua waelewe kwanza kazi yake. Bwawa letu ni dogo, limezuiwa na tuta la udongo, na chini ya tuta hilo ndiko ziliko nyumba za wafanyakazi, pamoja na watoto na kuku wetu wote. Udongo haupigi kelele unapoharibika. Kwa hiyo kila asubuhi alitembea juu ya tuta, kisha akashuka kwenye kitako chake, akitafuta shimo la fuko, mti unaochipua, au unyevu mahali palipokuwa pakavu jana. Maji yaliyopenya aliyakinga kwa glasi na kuyainua juani. Yakiwa maangavu, alishusha pumzi. Yakiwa na tope, maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka chakula cha mchana. Glasi zilitoka kabatini kwa mkewe, ambaye kwa miaka mingi aliwashuku wageni wake bure.

Jina la Mzee Tuta alipewa na wakamuaji, waliochoka kufukuzwa huko juu pamoja na ng'ombe wao. Walikusudia kumkejeli, yeye akalipokea kama cheo.

Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hatari kubwa kuliko zote zilizowahi kulipata bwawa hili aliileta yeye mwenyewe. Alipokuwa bado mgeni kazini alimwomba mwenye shamba aweke samaki, na mama huyo akakubali. Perege wakaletwa kwa ndoo, na Mzee Tuta akawapenda kupita kiasi. Aliwalisha pumba kwa mkono wake, alidai anawajua kwa sura, na aliyefika na ndoano alitimuliwa kama mwizi wa kuku. Basi akaona kwamba mvua zikija, wapenzi wake watatoroka kupitia mkondo, ile njia ya pembeni inayopunguza maji bwawa linapojaa. Akafunga wavu wa waya mdomoni mwa mkondo, akatuita tuone. Tulimpongeza sana, maana kila mmoja wetu alikuwa anasubiri samaki wakue.

Masika yakaja na mabua, majani na migomba mizima, vyote vikaganda kwenye wavu. Mkondo ukaziba, na maji yaliyopaswa kutoka yakaanza kulipanda tuta. Tuta la udongo likipitwa na maji juu humong'onyoka kama sukari kwenye chai. Asubuhi hiyo wake zetu walikuwa tayari wamejitwika magodoro, na watoto wanahesabiwa mara ya pili.

Mzee Tuta alijifunga kamba kiunoni. Ncha ya pili tuliishika mimi niandikaye, ambaye ni fundi wa pampu, pamoja na wakamuaji na mwenye shamba mwenyewe, akiwa na viatu vyake vya kwendea mjini. Akaingia na koleo la kukatia waya. Mwanzoni alijaribu kuchomoa takataka kwa mikono ili wavu ubaki, nasi tukimpigia kelele akate, mpaka maji yakaanza kulamba ukingo. Ndipo akaukata. Takataka zikaenda, na samaki wakapita katikati ya miguu yake, kwanza mmoja mmoja, halafu makundi kwa makundi, wakaondoka na buti lake moja la mpira. Alilia waziwazi, lakini hakuacha kukata. Tuta likapona, na nyumba zetu zikapona.

Wiki nzima mashamba ya chini yalinukia samaki wa kukaanga. Jirani mmoja mwenye adabu alimletea sahani ya shukrani pamoja na lile buti. Buti alilipokea.

Tangu hapo hakuvumilia kitu chochote juu ya tuta wala mkondoni, hata kamba ya nguo. Binti wa mwenye shamba alipoolewa, wapambaji walisimika hema juu ya tuta ili maharusi wapate upepo wa maji. Aliwaonya kwa heshima kwamba kila kigingi ni shimo. Hawakumsikiliza. Wageni wakiwa mezani, akaanza kung'oa vigingi kimoja kimoja, na hema likawalalia wakwe. Jioni alifukuzwa kazi. Asubuhi mwenye shamba alimkuta kwenye tuta akishindilia yale mashimo, akaghairi.

Kuanzia Jumatatu ufunguo wa valvu ya kutolea maji bwawani unakuja kwangu. Kwa miaka yote aliyonifundisha hajanisifu hata mara moja. Nikifyeka, anasema nimeacha mizizi. Nikishindilia, anasema nimeusalimia udongo tu. Sioni aibu kusema kwamba naogopa, kwa kuwa wanangu wanalala chini ya tuta hilo.

Mwenye shamba alimzawadia kiwanja kule kilimani karibu na geti, penye hewa nzuri. Mzee alikikataa, akaomba pengine. Nyumba yake imekwishaezekwa, nanyi mmeiona: iko chini ya tuta, mbele ya zetu zote, mahali ambapo maji yakija yatabisha hodi kwake kwanza. Mkewe alimuuliza kama ana akili timamu, na kama dunia nzima imekosa mahali pa kuzeekea. Alimjibu, "Bwawa limepata mtu." Mama huyo aliponieleza, niliondoka haraka kwenda kukagua pampu isiyokuwa na shida yoyote.

Mzee wetu, ahsante kwa yote, na ahsante kwa nyumba uliyojenga. Tunakutakia afya njema, wajukuu wasikivu, na usingizi mzito, hasa mvua zinaponyesha.