Meseji Nilizokuwa Nikifuta

Bwana asifiwe! Nyinyi wa kule nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe sana!

Mimi ni Mama Njeri, nauza mboga hapa Munyaka. Ndugu zangu, vita ya baada ya uchaguzi ilitupata Chepsaita, tukiwa na shamba na ng'ombe wawili. Kabla nyumba yetu ichomwe, niliandikiwa meseji na namba nisiyoijua: tuondoke. Tuliondoka na nguo tulizovaa. Tangu hapo, meseji ya namba ngeni ikiingia kwa simu yangu, nafuta bila kusoma. Nilikuwa na uchungu, siwafichi.

Miaka ikapita. Kliniki ya mtaa ikaja hapa kanisani kuandikisha akina mama wapimwe saratani ya mlango wa kizazi. Nikatoa namba yangu ili waniache niende nyumbani. Meseji ya kwanza ikaja, nikafuta. Ya pili, nikafuta. Na wakati huo wote nilikuwa navuja damu isiyo ya mwezi! Nilinyamaza, hata mume wangu hakujua.

Ya tatu iliingia simu ikiwa kwa Njeri, binti yangu mkubwa. Akaisoma: "Mama Njeri, tulikungoja jana. Bado tunakungoja. Sista Chebet." Mnanijua kwa hasira. Chebet ni jina la watu wa kule Chepsaita; lilinirudisha kwa ule moto, nikasema siendi kushikwa na mtu wa kule. Njeri akaanza kulia.

"Mama, hawa hawakufukuzi, wanakuita. Kwani unataka kutuacha?"

Nilienda nimenuna. Sista Chebet, nesi wa kliniki, akanipima, akaona kitu, akanipeleka mwenyewe hospitali kubwa. Saratani ilikuwa imeanza, lakini bado ndogo. Nikatolewa kizazi. Nilipotoka thieta nilimkuta kando ya kitanda na uji. Nikamwambia habari za Chepsaita, naye akaniambia nyumba ya kaka yake iliteketea wiki hiyo hiyo. Tulilia sisi wawili mpaka uji ukapoa.

Leo vipimo vyangu ni safi. Asante Yesu! Alinitoa kwa kifo, na ile chuki nayo akaiondoa.

Sasa akina mama, msinipigie makofi. Mwamini Bwana, halafu uamke uende ukapimwe. Alhamisi saa mbili asubuhi nitasimama mlangoni pa kliniki, na majina yenu ninayo. Asiyekuja, nitamfuata kwake.