Mshiriki wa Tatu

MWENYEKITI: Haloo! Nani mwenzangu?

DOBI: Mwenyekiti, usikate. Ni mimi.

MWENYEKITI: Mimi nani? Namba ngeni hii.

DOBI: Mwenzako wa kikundi. Yule mnayemwita Dobi. Namba yangu haipiti kwako tangu jana, nimeazima simu ya mwenzangu hapa kazini.

MWENYEKITI: Aaa, dada Dobi! Hujambo, dada yangu?

DOBI: Sijambo. Mwenyekiti, nime—

MWENYEKITI: Kazi inaendaje? Nasikia hiyo mashine inanguruma kama inataka kupaa.

DOBI: Inakausha mashuka. Nimeona jalada la ripoti mliloweka kwenye grupu. Majina manne. Tulikuwa watano.

MWENYEKITI: (anakohoa) Mtandao unakwaruza, dada.

DOBI: Nimesema jina langu halimo!

MWENYEKITI: Limetoka, ndiyo. Usipandishe sauti basi. Niko nje ya ukumbi, wenzetu wako ndani wanawasilisha yao. Sisi ndio tunaofuata.

DOBI: Limetokaje?

MWENYEKITI: Tulikaa, dada. Tulikaa kama kikundi, kwa amani kabisa, tukaomba kwanza, halafu tukaona—

DOBI: Mliomba kwanza?

MWENYEKITI: Jambo zito kama hilo utalifanyaje bila kumtanguliza Mungu?

DOBI: Na Mungu akasema nifutwe?

MWENYEKITI: Hukufutwa. Umehamishwa.

DOBI: Nimehamishiwa wapi?

MWENYEKITI: Sura ya nne.

DOBI: Sura ya nne si ni ya— Ya washiriki. Ya wale tuliowahoji.

MWENYEKITI: Hapo hapo. Tunatafiti wanafunzi wanaofanya vibarua huku wakisoma, sivyo? Mhadhiri alitaka washiriki watatu. Mlinzi tukawa naye, muuza vocha tukawa naye. Yule mhudumu wa hoteli akatuzimia simu. Tukasema, jamani, tunahangaika nini mitaani na dobi tunaye humu humu ndani?

DOBI: Mimi ni mwandishi! Utangulizi wote aliuandika nani? Nani alikwenda kukaa na yule mlinzi getini mvua ikinyesha—

MWENYEKITI: Sasa hapo ndipo penye tatizo. Mtu hawezi kujitafiti mwenyewe. Ukiwa sura ya nne, huwezi kuwa kwenye jalada. Si mimi, dada, ni kanuni.

DOBI: Hamkunihoji hata siku moja.

MWENYEKITI: Tungekuhoji lini? Vikao huji.

DOBI: Mnaviweka saa za zamu yangu! Niliwaomba muweke Jumapili, nikawaomba kama—

MWENYEKITI: Jumapili watu wanapumzika.

DOBI: Kama hamkunihoji, mmeandika nini?

MWENYEKITI: (kicheko kidogo) Imetoka vizuri, nikwambie ukweli. Ngoja nikusomee. "Mshiriki wa Tatu ni mwanamke wa makamo anayefua nguo za watu. Darasani husinzia mdomo wazi. Mikono yake imechubuliwa na dawa ya madoa, hata kalamu huishika kama kaa la moto." Hilo la kaa la moto ni langu.

DOBI: Endelea.

MWENYEKITI: Mengine ni hayo hayo tu—

DOBI: Nimesema endelea kusoma.

MWENYEKITI: "Mtoto wake wa mwisho humwita jirani mama. Yeye aliyemzaa humwita shangazi. Mshiriki hulia bafuni, akiwa amefungulia maji ili wanawe wasimsikie."

DOBI: (mashine inanguruma)

MWENYEKITI: Haloo? Dada, upo?

DOBI: Hayo sijamwambia mtu. Niliyasema kwenye maombi ya kikao cha kwanza. Ulisema kila mmoja ataje mzigo wake tuombeane. Nilikuwa nimefumba macho, Mwenyekiti.

MWENYEKITI: Na tulikuombea. Hilo huwezi kulikataa.

DOBI: Kumbe ulikuwa unaandika?

MWENYEKITI: Mimi ndiye katibu pia, dada. Kikao bila muhtasari ni porojo.

DOBI: Yesu wangu.

MWENYEKITI: Usimwingize. Jina lako halimo, nani atajua?

DOBI: Darasa zima linaniita Dobi! Wewe ndiye uliyelianzisha!

MWENYEKITI: Kwa upendo.

DOBI: (anavuta pumzi) Sawa. Nisikilize, nakuongelesha polepole. Bila alama ya kazi hii sihitimu. Nimesoma masomo ya jioni mpaka watoto niliowaacha wananyonya wananisahihishia herufi. Nimeshawaambia mama anamaliza. Mkubwa ameshaanza kutangaza kwa majirani. Nirudishe kwenye jalada, mdogo wangu. Nakuomba.

MWENYEKITI: Rudia mwaka.

DOBI: Nini?

MWENYEKITI: Rudia mwaka, dada. Wewe si umeshazoea? Mwaka mmoja zaidi kwako ni nini? Sisi bado vijana, maisha yanatungoja.

DOBI: Unasikia unachosema?

MWENYEKITI: Nasema kwa wema. Halafu tulikuwa na ombi dogo. Mhadhiri anapenda vitu hai. Huwezi kuchomoka kidogo, ukasimama pale mbele wakati nasoma sehemu yako? Usibadilishe nguo. Njoo na aproni hivyo hivyo. Ukiwa umelowa kidogo, bora zaidi.

(mkwaruzo wa mtandao)

DOBI: (kwa aliye pembeni) Hapana, mdogo wangu, silii. Mvuke tu huu. Nimalizie hizo kola, nakuja.

MWENYEKITI: Nani huyo?

DOBI: Mpiga pasi wetu. Ndiye mwenye simu. Ripoti unayo hapo?

MWENYEKITI: Ninayo.

DOBI: Fungua maelezo ya ridhaa. Soma mstari wa mwisho.

MWENYEKITI: Dada, muda—

DOBI: Basi nakusomea mimi, maana niliuandika mimi. "Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na maelezo yake yataondolewa." Najitoa.

MWENYEKITI: Unasemaje?

DOBI: Mimi, Mshiriki wa Tatu, najitoa. Futa.

MWENYEKITI: Usinifanyie hivyo. Tutabaki na wawili! Mhadhiri alisema wakiwa chini ya watatu hata hatatusikiliza!

DOBI: Nakuja kumwambia mwenyewe. Na aproni yangu. Niloweshe na nywele?

MWENYEKITI: Dada! Tutafeli wote! Na wewe pia utafeli!

DOBI: Mimi si nimeshazoea?

MWENYEKITI: Ngoja. Ngoja, ngoja. Tusikoseane. (anapumua kwa nguvu) Jina lako narudisha. Kompyuta iko mapajani hapa, nachapa sasa hivi. Lakini ile nafasi haiwezi kubaki wazi. Nipe mtu.

DOBI: Mtu gani?

MWENYEKITI: Yeyote anayesoma huku anafanya kibarua. Nipe mtu na mambo yake mawili matatu, nakutoa wewe namwingiza yeye. Fanya haraka, huko ndani nasikia makofi. Huyo mpiga pasi, hasomi?

DOBI: Mwache huyo.

MWENYEKITI: Anasoma?

DOBI: Mwaka wa kwanza. Mtoto mdogo tu. Nikiwa na mtihani ndiye anayenishikia zamu.

MWENYEKITI: "Mpiga pasi, mwaka wa kwanza." Nimeandika.

DOBI: Nimesema mwache!

MWENYEKITI: Basi hakuna jalada. Sote tukae nyumbani. Sema.

DOBI: (kwa sauti ya chini) Andika... andika anasimama kutwa. Miguu inamvimba.

MWENYEKITI: Hata mlinzi anasimama. Nataka kitu kama kile chako cha bafuni. Kitu ambacho mtu akisikia anageuza uso.

DOBI: Huwa anaungua mikono, nampaka—

MWENYEKITI: Dada, wanatoka! Mlango umefunguliwa!

DOBI: Ana magauni mawili tu.

MWENYEKITI: Ee. Halafu?

DOBI: Halafu... huvaa nguo za wateja kwenda darasani. Zikishapigwa pasi, kabla wenyewe hawajazifuata. Akirudi anazifua tena kwa mkono, anazitundika pale pale. Hajawahi kuchafua hata moja. Andika na hilo. Andika hajawahi kuchafua.

MWENYEKITI: (anachapa) Nguo za wateja! Hii inakipita hata kile chako. Bosi wenu anajua?

DOBI: Akijua ndiyo siku yake ya mwisho hapa. Na ada ndiyo basi.

MWENYEKITI: Mm. Lakini dada, mhadhiri si huleta suti zake hapo kwenu?

DOBI: Na magauni ya mkewe.

MWENYEKITI: Na wapiga pasi hapo wako wangapi?

DOBI: Yeye tu.

(mashine inasimama)

MWENYEKITI: Mimi naandika tu ulichosema. Nimsome au nisimsome?

DOBI: Jina langu limo?

MWENYEKITI: Limo. Nimeliweka la mwisho, usinune.

DOBI: Soma nilione kwa masikio.

MWENYEKITI: Limo, naapa! Nimsome?

DOBI: Msome.

MWENYEKITI: Hapa pa ridhaa nijaze nini? Ameridhia? Dada, tunaitwa!

DOBI: Jaza ameridhia.

MWENYEKITI: Amina. Kimbia basi, tutaanza na sura zile nyingine. Na hiyo aproni uivue, watu wasikushangae.

DOBI: (kwa aliye pembeni) Ee? Ndiyo, wamenirudisha, namshukuru Mungu. Nakwenda mara moja. Utanishikia zamu? Asante, mdogo wangu, Mungu akuzidishie. Niombee nisitetemeke.

MWENYEKITI: Unaongea na nani?

DOBI: Siongei na wewe. Ameshapiga magoti hapa chini, kati ya vikapu, anani—

(Salio limekwisha.)