Doña Nurys Payano na Neno "Kimakosa"

Tarehe 30 Juni mwaka huu Doña Nurys Payano, Mkaguzi Mkuu wa Makala, anastaafu baada ya kuitumikia Ensaiklopidia ya Besiboli ya Kisiwa kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia ofisi yetu ya Santo Domingo kama mpiga chapa. Anaondoka akiwa mtu ambaye bila saini yake hakuna wasifu wa mchezaji ulioweza kwenda kiwandani kuchapishwa.

Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa makala na kuzipa daraja. Daraja la kwanza lilimaanisha ichapishwe. La pili, irudi kwa mwandishi. La tatu lilimaanisha mwandishi afikirie kazi nyingine, ingawa hilo Doña Nurys alilisema kwa upole na kikombe cha kahawa. Alisoma kila makala kwa sauti, mlango ukiwa wazi, na alipokutana na sifa isiyo na ushahidi aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nani kasema?" Ndivyo tulivyomwita alipokuwa hayupo. Alijua. Tulipomletea keki ya siku yake ya kuzaliwa alituangalia mmoja mmoja akauliza, "Nani kasema ni leo?" Ilikuwa kesho yake.

Ni yeye aliyegundua kwamba ndugu wawili wa mji wa Baní, tuliokwisha kuwaandikia wasifu wawili, walikuwa mtu mmoja aliyebadili jina ili kupunguza umri. Mchezaji mwenyewe alipiga simu kumpongeza. Akaomba pia abakiziwe umri ule mdogo. Hakubakiziwa.

Tungependa kuishia kwenye vicheko hivyo. Lakini Doña Nurys ametuomba tusiandike sherehe tupu. Ameomba habari ya Don Eladio Rijo iwemo, na kwa kuwa nilikuwepo, nimepewa mimi niisimulie.

Don Eladio alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu ya kiwanda cha sukari cha Santa Jimena, nje kidogo ya San Pedro de Macorís. Katika mchezo wetu, mrushaji anayemaliza mechi nzima bila wapinzani kupata hata pigo moja halali hukumbukwa maisha yake yote. San Pedro ilimkumbuka Don Eladio kwa mechi moja ya namna hiyo aliyoicheza ujanani. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Eladio tena. Aliitwa Cero, yaani Sufuri, na kila Oktoba msimu ulipofunguliwa, Cero ndiye aliyeitwa uwanjani kurusha mpira wa kwanza.

Wasifu wake uliandikwa na Wilfrido Peguero, kijana wetu mwenye kalamu tamu. Ulipofika mezani kwa Doña Nurys alisoma, akatabasamu mara mbili, kisha akaandika yale maneno yake mekundu kando ya mechi ile. Akaenda maktaba ya magazeti. Huko akakuta habari fupi, iliyochapishwa siku mbili baada ya mechi, chini ya tangazo la sabuni: mwandika matokeo alikuwa amebadili uamuzi wake. Mpira mmoja uliompita mlinzi wa kituo cha tatu, ambao kwanza ulihesabiwa kuwa kosa la mlinzi, sasa ulihesabiwa kuwa pigo halali. Cero alipigwa mara moja.

"Doña, mji mzima unamwita Cero," Wilfrido alilalamika.

"Mji mzima haukuwa unaandika matokeo."

"Basi twende tukamuulize mzee mwenyewe. Yu hai, anakaa palepale San Pedro."

"Tumuulize nini? Gazeti hili hapa. Akikataa, nitaliamini gazeti. Akikubali, nitaliamini gazeti. Nauli ya nini?"

Makala ikatoka na sentensi aliyoiandika yeye mwenyewe: "Huaminika kimakosa kwamba Rijo alimaliza mechi ile bila kupigwa." Akaipa daraja la kwanza. Kama kazi ya ukaguzi, haikuwa na dosari, na jopo la wahariri liliichagua kuwa wasifu bora wa juzuu lile. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga picha.

Wiki chache baadaye mtangazaji mmoja wa michezo akaisoma sentensi ile redioni, asubuhi, wakati watu wa San Pedro wako kwenye foleni za mkate na viti vya vinyozi. "Mabibi na mabwana," akasema, "tulidhani tuna Cero, kumbe tuna Uno!" Uno ni Moja. Kufikia mchana mji wote ulikuwa unacheka.

Nadhani hawakukusudia ubaya. Watu wetu hutania hata msibani. Lakini mzee alipoingia kwa kinyozi walimkaribisha kwa "Kaa hapa, Uno, umebakiwa na unywele mmoja!" Watoto wakamfuata njiani wakinyoosha kidole kimoja juu. Oktoba ilipofika, kamati ya uwanja ikamwalika mtu mwingine kurusha mpira wa kwanza. Don Eladio akaacha kwenda uwanjani, kisha akaacha kwenda kwa kinyozi.

Tuliyajua hayo siku binti yake, Yokasta, alipoingia ofisini na juzuu letu kwapani.

"Nani hapa ndiye aliyempa baba yangu daraja?"

Doña Nurys akasimama. "Ni mimi. Ila niliipa makala daraja, mwanangu. Si baba yako."

"Kwetu ni kitu kimoja."

"Kilichoandikwa ni kweli."

"Sijasema ni uongo," Yokasta akajibu. "Nimekuja kuona sura ya mtu anayeweza kuandika neno 'kimakosa' juu ya mtu asiyemjua." Akaiona, akaliweka juzuu mezani, akaondoka.

Siku ile hatukusikia makala yoyote ikisomwa kwa sauti. Jumamosi yake Doña Nurys akaniambia, "Ulises, chukua kamera, twende San Pedro." Kamera sikuitoa kwenye mfuko mpaka tuliporudi.

Tulimkuta Don Eladio uani akimenya mbaazi, bakuli katikati ya magoti, mkono ule wa kushoto bado mwepesi. Doña Nurys akajitambulisha. Mzee akasogeza kiti kwa mguu.

"Keti, Doña. Menya na wewe, wageni wavivu hawali hapa."

Akamenya. Kisha akaanza kumweleza habari ya gazeti, ukurasa, uamuzi uliobadilishwa. Mzee akamkatiza.

"Najua mpira uliguswa. Mimi ndiye niliyeurusha! Aliyeupiga ni Toribio, marehemu shemeji yangu. Kila Krismasi alikuwa ananiambia, 'Cero, nipitishie nyama, nisije nikaufungua mdomo.' Tulicheka mpaka dada yangu anatufukuza mezani."

"Na hukuwaambia watu?"

"Nani aliniuliza? Gazeti lilipobadili maneno, mji ulishanipa jina. Sikujiita mwenyewe. Nililivaa tu, kama shati ulilopewa na mama, limekubana lakini utafanyaje."

Doña Nurys akawa ameshika ganda moja la mbaazi, hamenyi. "Ningekuja kwako kwanza…"

"Ungekuja ningekusimulia mimi. Ningewasimulia na wao, kwa kinyozi, pamoja na Toribio na nyama yake. Wangecheka vilevile, Doña. Ila kicheko kingekuwa changu."

Hakuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililomvunja Doña Nurys. Aliomba ruhusa ya kuandika upya aya ile, na habari ya Toribio iwemo, kwa maneno ya mzee. Don Eladio akafikiri, akasema, "Andika. Ila weka kwamba alikuwa mpigaji mbovu. Ilikuwa bahati." Tukala wali na mbaazi zile. Njiani kurudi Doña Nurys alilia hadharani, mbele ya abiria, na sikujua nishike nini.

Aya mpya aliiandika wiki ileile. Lakini toleo la pili lilisubiri fedha, kisha likasubiri karatasi, kisha likasubiri mkurugenzi mpya. Kila mwezi alipanda ghorofani kuuliza, na kila mwezi alishuka. Don Eladio alifariki kabla halijatoka. Kwenye mazishi wazee wa Santa Jimena walimwita Cero, lakini mwenyewe hakuyasikia tena.

Toleo lilipotoka, Doña Nurys alipeleka nakala ya kwanza San Pedro mwenyewe. Yokasta aliisoma aya yote akiwa amesimama mlangoni, akacheka penye Toribio na nyama. Kisha akafunga kitabu. "Ni nzuri, Doña. Imechelewa." Akampa kahawa, wakanywa pamoja.

Tangu hapo ofisini kwetu hakuna wasifu wa mtu aliye hai unaopewa daraja lolote kabla mkaguzi hajaenda kuketi naye. Wakaguzi vijana wanalalamikia mabasi, jua na bajeti ya nauli. Kanuni ni ya Doña Nurys na itabaki. Wilfrido, ambaye sasa anarithi kiti chake, tayari ana safari ya Azua wiki ijayo.

Kwa kanuni hiyohiyo, jana nilimsomea Doña Nurys wasifu huu kabla haujaenda kiwandani. Alisikiliza amefumba macho. Kwenye kisa cha keki alicheka. Nilipomaliza aliomba nifute sentensi moja, ile niliyosema kwamba Don Eladio alimsamehe.

"Hakusema hivyo, Ulises. Alinipa chakula tu."

Nimeifuta.

Doña Nurys, asante kwa miaka yote uliyotusomea kwa sauti. Nenda kwa dada yako huko Jarabacoa, upumzike kwenye baridi ya milima, na maisha yakuendee vyema.

Ulises Marte, Idara ya Picha, kwa niaba ya wenzako wote